Vijiti Vyako, Baba, Mie Ndiye Niliyeving'oa

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo halafu nikakaa nikiliangalia, maana sijawahi kukuamkia nikakosa kuitikiwa. Hata siku ulizokuwa umenuna ulikuwa unaitikia, kwa sauti ya puani, lakini unaitikia.

Nakuandikia kwenye daftari lako la kijani, kurasa za nyuma ambazo hukuzifikia. Usinigombeze. Najua ulikuwa hutaki mtu aliguse, na miaka yote kumi na moja niliyofanya kazi na wewe hapa kitaluni Chanika sikuwahi kuandika humu hata herufi moja. Lakini nina jambo la kukuambia, na jambo lenyewe linahusu daftari hili, basi nimeona bora liwe humu humu.

Baba, miche ya parachichi la bibi imenipotea. Haijaibiwa. Ipo, imepangwa ukutani hapa mbele yangu, mibichi kabisa, ukiiona utasema ina afya. Ila sijui upi ni upi. Na aliyeipoteza ni mie mwanao Eliza, si mtu mwingine.

Ngoja nianzie mwanzo, kwa sababu ulikuwa unachukia mtu anayeanzia hadithi katikati. Na mwanzo wake ulikuwa unamsimulia kila mteja aliyeingia kitaluni, anunue asinunue. Kwamba kwenu Makete mama yako alikuwa na mparachichi mmoja nyuma ya jiko. Kila mwezi wa saba sakitu ikishuka, watu wakiamka asubuhi wanakuta nyasi nyeupe pee kama zimemwagiwa chumvi, na miparachichi ya kijiji kizima imeungua majani, lakini wa bibi umesimama vilevile. Kwamba Shangazi, dada yako, amepanda hass mara mbili kwenye shamba lake, yale maparachichi ya ganda gumu yanayoenda nje, na mara zote mbili sakitu imeyafagia. Kwamba wewe ukaenda likizo, ukaweka ngazi kwenye mti wa bibi, ukafunika maua kwa chandarua nyuki wasiyafikie, ukayapaka chavua ya hass kwa unyoya wa kuku. Watu wakasema Sanga kapata wazimu huko Dar. Matunda yalipokomaa ukayachuma, na haukupita muda barabara ikapanuliwa, mti wa bibi ukakatwa. Kilichobaki cha ule mti duniani ni mbegu hamsini na nane ulizokuja nazo Chanika kwenye ndoo ya rangi.

Hamsini na nane, baba mmoja mama mmoja. Mie nikakuuliza, si wote watoto wa mti wa bibi, si wote watavumilia baridi? Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Ukasema, "Wewe na Yona si tumbo moja? Mbona Yona anaoga maji ya baridi Makete alfajiri na wewe hata mvua ya Chanika unavalia soksi?" Halafu ukakaa kwenye ile ndoo uliyoigeuza kiti, ukanieleza taratibu. Kwamba hakuna kinasaba kimoja kinachoitwa baridi, vipo vingi, na kila mbegu imeokota vyake. Mwingine kaokota viwili vitatu, mwingine kaambulia patupu, na mmoja mmoja kwa bahati yake kaokota karibu vyote vya bibi. Nikasema basi tuitazame vizuri, tutaijua. Ukatikisa kichwa. "Kwa joto hili la Dar hutaona kitu, mama. Hivyo vinasaba hapa vimelala fofofo. Havina kazi."

Ulikuwa unaniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yako. Sasa hivi hakuna anayeniita hivyo, na wallahi sikujua neno dogo hivyo lina uzito. Naapa wallahi na ni Mlutheri, najua, ulikuwa unanisema kila siku. Ndiyo Chanika hiyo.

Wewe ukatumia friza. Mwaka jana ulijifungia sebuleni na friza letu wiki nzima, sie tukanyimwa hata maji ya baridi, unaingiza majani, unatoa majani, unaandika. Ukurasa wenyewe ninao hapa. Umeandika: "9, 22, 37. Majani mazima, baada ya kuzoeshwa. Mengine yote yameungua." Basi. Baba, wewe nawe! Mtu uliyeweza kuongea na mteja saa nzima juu ya mbolea ya kuku, hapa umeandika mstari mmoja tu.

Miche mitatu. Mpango wako ulikuwa mwaka huu uipeleke kwa Shangazi kabla ya mvua, tukate vikonyo vyake, zile ncha changa za matawi, tuvibebeshe kwenye mashina ya kienyeji vishikane, shamba lote liwe la bibi. Shangazi alikuwa anahesabu wiki. Yule mzee wa miti ya mbao alikuwa anamfuata kila mwezi akitaka ardhi ile apande misindano, na yeye anamjibu, "Subiri, kaka yangu anakuja na miche."

Na kila kiriba cha mche ulikichomekea kijiti, na juu ya kijiti kibati chenye namba umeikwaruza kwa msumari. Nilikwambia. Nilikwambia Baba, tuvifunge kwenye shina lenyewe. Ukasema waya unakaba shina likinenepa. Ni kweli unakaba. Lakini kijiti kinang'oka.

Ulidondoka Jumanne pale bombani, na Alhamisi ukaondoka. Hiyo sitaiandika zaidi ya hapo.

Watu walijaa. Majirani wote wa mtaa, wateja wako, mpaka yule fundi seremala mliyekuwa mnagombana naye juu ya mpaka alikuja, akakaa siku zote, akabeba viti. Wazee wakaniuliza turubai tulifunge wapi. Uwanja wenyewe unaujua, sehemu iliyonyooka ni moja tu, na ndipo ilipo miche ya bibi. Wakaniuliza mie kwa sababu mie ndiye nilikuwa nashinda humo, Yona alikuwa hospitali anashughulikia mwili. Nikaangalia. Mama mmoja aliinama kuchukua beseni, kijiti kikamkosa jicho chupuchupu. Nikasema, "Toeni hivyo vijiti, vitatoboa watu macho. Viriba visogezeni ukutani."

Ndivyo nilivyosema. Kwa mdomo wangu huu. Haikuchukua hata dakika tano, vijana wakafanya kazi nzuri kabisa, wakapanga viriba ukutani vimenyooka, vijiti wakavirundika karibu na jiko la mawe. Na akina mama walikuwa wanatafuta vya kuwashia moto.

Nilikula ule wali, Baba. Walinibembeleza nile, nikala, nikasema umeiva vizuri. Vijiti vyako vilikuwa ndiyo moto wake, na mie nilipita pale mara kumi na nane kuchota maji ya kunawisha watu na sikuona kitu. Ningeona nini? Nilikuwa naona sura yako tu.

Tukakupeleka Makete. Unajua tulivyokuwa tukienda zamani, mama yetu yuko hai, mie na Yona wadogo. Lazima tulale Makambako. Hata tukifika pale saa tisa mchana na jua bado lipo, wewe unasema tunashuka, tunalala, kesho ndiyo tutapanda juu. Mama alikuwa anakusema kwamba unapoteza siku. Safari hii dereva alisimama Makambako kujaza mafuta tu, tukapitiliza moja kwa moja na jeneza. Tuliposhuka kwa Shangazi nilihisi baridi imeingia mpaka kwenye meno, Yona naye akawa anatetemeka, yule yule wa kuoga maji ya baridi. Asubuhi ya mazishi sakitu ilikuwa imelala kwenye nyasi za kaburini. Nilisikia inavunjika chini ya viatu. Nikasema moyoni, ndiyo hii aliyokuwa anapigana nayo mzee wetu, na imekuja kumzika.

Baada ya kuweka mashada Shangazi alinishika mkono. Hakulia wakati ule, alikuwa amelia akamaliza. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Miche ya mama ipo?" Nikamwambia ipo, Shangazi. Akasema yule mzee wa mbao amempa mpaka mvua za kwanza, na kama miche ipo yeye atamkatalia. Nikarudia tena, ipo, tena mitatu.

Siku niliyorudi Chanika ndiyo nilielewa. Turubai limeshaondolewa, uwanja mtupu, umefagiwa. Nikaenda ukutani nikiwa na daftari, natafuta tisa, ishirini na mbili, thelathini na saba. Nikatafuta kijiti kimoja. Nikatafuta vyote. Halafu nikaona lile jivu kwenye mawe, na Baba, nilipiga magoti pale nikachambua jivu kwa vidole. Vibati vyako vyote nimevikuta. Hamsini na nane, havijaungua hata kimoja, namba zinasomeka vizuri sana.

Nilipiga kelele mpaka jirani akaruka ukuta akidhani ni nyoka.

Miche kumi na mmoja ilikuwa imeshakauka kwa kukosa maji siku zile za safari. Hiyo nayo sijui ni ipi. Labda wa tisa ulikuwa humo. Labda yote mitatu. Nikabaki na arobaini na saba, yote kimo kile kile, majani yale yale. Niliyasugua majani nikanusa, nikitafuta ile harufu ya majani ya mti wa bibi, inayofanana na kiungo cha shamari. Robo tatu ya miche inanukia. Nikakumbuka ulishawahi kuniambia kwamba harufu ni kitu kingine na baridi ni kitu kingine, mtoto anaweza kuchukua pua ya baba yake asichukue roho yake. Nikakaa chini pale ukutani mpaka jua likanifikia.

Friza alikuwa amelichukua Yona, kwa ruhusa yangu, kwa ajili ya duka lake la samaki pale Boko. Anafuata samaki Kunduchi kila asubuhi, anawagandisha, na pembeni ana friji la soda la mlango wa kioo. Nikamfuata. Nilikuwa nimekata majani matatu kila mche, nimeyatia kwenye vifuko, kila kifuko na namba mpya niliyoiandika pia kwenye kiriba chenyewe kwa kalamu isiyofutika. Nikamwambia nataka friza siku moja, lishushwe mpaka nyuzi nne chini ya sifuri kama ulivyokuwa unafanya wewe, si zaidi, maana zaidi ya hapo hata mti wa bibi usingepona. Akasema, "Dada, na hawa samaki changu niwaweke wapi, mfukoni?" Lakini akawatoa. Akawapanga kwenye maboksi na barafu, akinung'unika.

Nikaweka kipimajoto chako. Nikakaa juu ya kreti la soda kutwa nzima, nafungua kifuniko kidogo, nafunga. Kesho yake nikatoa vifuko nikavitandika mezani.

Vyote, Baba. Vifuko arobaini na saba, majani yote meusi, yamelegea kama mchicha uliochemshwa ukasahaulika. Hakuna hata jani moja. Nilivipindua vyote mara ya pili nikidhani macho yangu yananidanganya. Yona akasimama mlangoni akatazama, akasema samaki wake wawili wameharibika na baba amekufa, na mie niiache hiyo miche nayo ife kwa amani. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika kwenye daftari lako. Akaniambia ameshanichoka. Nikatoka pale Boko nikilia barabarani kama mwehu, watu wananipisha.

Hapo ndipo nilipokata tamaa kabisa, usidhani nakuficha. Nilisema basi, mitatu ya kweli ilikuwa kati ya ile kumi na mmoja iliyokauka ukutani. Miaka yote ile, ngazi, chandarua, unyoya, ndoo ya rangi, wiki nzima ya friza, nimeimaliza mie kwa sentensi moja kwenye msiba wako mwenyewe. Shangazi akipiga simu nikawa sipokei. Siku nikipokea nadanganya, nasema inaendelea vizuri, naimwagilia. Kumwagilia ni kweli nilikuwa namwagilia. Nilimwagilia miche arobaini na saba isiyo na maana yoyote, kila siku, kwa sababu mikono haikujua kufanya kitu kingine. Kuna siku nilisimama na panga nikitaka kuikata yote niondokane nayo. Nilikuwa nakuchukia wewe pia. Kwa nini hukuandika? Kwa nini hukuninong'oneza hata ile Jumatano hospitalini, uliponikamata kidole ukanitazama tu? Nilidhani unaniaga. Sasa najiuliza kama ulikuwa unataka kuniambia "kiriba cha tatu kutoka bombani."

Nisamehe. Hilo nalo lazima uambiwe.

Mwezi wa tisa nikawa nasoma ukurasa ule kwa mara ya mia. "Majani mazima, baada ya kuzoeshwa." Nilikuwa nalipita lile neno kila siku. Nilidhani ni wewe uliyekuwa unazoea, unazoea friza, unazoea kipimajoto, sijui. Siku hiyo nilikuwa nakunywa chai ya maziwa na chapati kavu, na ile chapati ikanipeleka Makambako. Unaikumbuka? Ile nyumba ya wageni yenye blanketi nyekundu, mama mwenye nyumba anatuletea chai ya maziwa na chapati kavu, na mie nimenuna kwa sababu nataka kufika kwa bibi siku hiyo hiyo. Nikakuuliza kwa nini tunalala hapa kila mwaka wakati si mbali. Na wewe ukanivalisha sweta, ukafunga vifungo mpaka shingoni, ukasema, "Usiushtukize mwili. Hapa kuna ubaridi mdogo. Mwili ukionja huu mdogo, unaamka, unajiandaa kwa ule mkubwa."

Baba, chai ilinimwagikia mapajani.

Hivyo vinasaba vimelala. Si ndivyo ulivyoniambia? Hapa Dar vimelala fofofo. Na mie nimeyatoa majani kwenye joto la Chanika nikayatumbukiza moja kwa moja kwenye sakitu ya friza, hata mti wa bibi wenyewe ungekufa. Wewe uliyazoesha kwanza. Ulikuwa unayaingiza na kuyatoa wiki nzima, sie tukakuona mwehu, kumbe unayapitisha Makambako.

Nilipanda gari kwenda Boko kanga ikiwa bado na chai. Yona alikuwa anaparua samaki, hakuniangalia. Nikamwambia, sihitaji friza peke yake, nahitaji na friji la soda, siku kumi. Akatoa kicheko kile chake cha hasira. Nikamwambia Makambako. Nikamwambia blanketi nyekundu, sweta, usiushtukize mwili. Akaacha kuparua. Kisu bado kiko mkononi, akasema, "Mie alikuwaga ananivalisha soksi mbili mbili." Akanawa mikono. Akaanza kutoa soda zote kwenye friji bila kuniuliza kitu kingine, na mara ya kwanza tangu tukuzike nikamwona analia, anatoa chupa huku analia.

Tulikata matawi madogo arobaini na saba tukayasimamisha kwenye chupa za maji zilizokatwa, yana namba. Ile taa ya friji ikawa jua lao. Kila siku Yona anapunguza nyuzi kidogo, anaandika kwenye kuta za boksi la samaki kwa sababu daftari lako alikataa kuligusa. Wateja wakiingia wanamuuliza, "Yona, siku hizi umeokoka, unauza mboga za majani?" Anawajibu ndiyo, ni dawa ya kisukari. Mmoja aling'ang'ania kununua.

Siku ya kumi na moja tukayahamishia kwenye friza, nyuzi nne chini ya sifuri. Kesho yake tukayatoa. Yona hakutaka kutazama, akasimama nje. Mie nikayatandika mezani moja moja. Jeusi. Jeusi. Jeusi. Nilipofika la ishirini nikaketi, nikaendelea nimekaa. La thelathini na moja nikalishika nikalipita kwa mazoea, halafu nikalirudia. Lilikuwa kijani. Si kijani cha kujidanganya, kijani kabisa, jani gumu, ukilikunja linarudi. Na la arobaini lilikuwa nusu nusu. Mengine yote yameungua.

Nilimwita Yona kwa sauti iliyowatoa watu madukani.

Tukarudia jaribio lote upya, siku kumi na moja nyingine, bila soda dukani. La thelathini na moja kijani. Lile la nusu nusu safari hii lilikufa. Kwa hiyo ni mmoja, Baba. Kati ya mitatu yako nimekuokolea mmoja, na sijui kama ni wako wa tisa, au ishirini na mbili, au thelathini na saba. Sitajua mpaka nakufa. Na hata huo mmoja sina uhakika nao, maana friza la samaki la Boko si Makete, na wewe ndiye ungenitazama tu usoni ukasema ndiyo au hapana.

Nimempigia Shangazi nikamwambia ukweli wote, vijiti, wali, jivu, uongo wangu wa kwenye simu.  Alinigombeza kwa Kikinga muda mrefu, sikuelewa yote, nashukuru. Alipomaliza akaniambia kwamba sehemu ya juu ya shamba ameshampa yule mzee wa mbao, kwa sababu kimya changu alikielewa. Amebakiza bondeni tu, pale sakitu inapolala mpaka saa nne asubuhi. Akasema, "Leta huo mmoja. Kama ni wa mama, utasimama hapo hapo."

Nimekata vikonyo sita. Nilikuwa naukata mti pekee wa bibi uliobaki duniani, na kila kikonyo ninachokata ni kama namtoa damu. Nilivibebesha kwenye mashina ya kienyeji, kisu nimekinoa kama ulivyonifundisha, ukata mmoja bila kurudia, nailoni nimeifunga kutoka chini kwenda juu. Vinne vimekauka. Viwili bado ni kijani, na leo asubuhi kimoja kimetoa chipukizi dogo, dogo sana, nililitazama kwa miwani yako. Hicho ndicho nilicho nacho: mche mmoja uliokonda, na vikonyo viwili ambavyo vinaweza kukauka kesho. Nalala navyo chumbani. Naogopa, Baba. Naogopa kila upepo.

Ule mche nimeuwekea kibati. Nimechukua kipya kisicho na namba nikaandika namba zako zote tatu na alama ya kuuliza, nikakifunga kwenye shina lenyewe. Usikasirike, sikutumia waya. Nimechana utepe kwenye kile kitenge tulichoshona sare cha msiba wako, nimeufunga umelegea, shina likinenepa hautakaba. Kitenge kilichobaki nimekitunza, ni cha kutosha shamba zima la bondeni, kama Mungu atalitoa.

Nakuaga hapa kwa sababu ukurasa umebaki kidogo na taa za gari la Yona zinaonekana getini, amekuja na maboksi ya kubebea. Mvua hazijaanza. Amefunga duka, amesema anaendesha mwenyewe, tena taratibu. Nakuahidi kitu kimoja tu, sina nguvu ya kuahidi vingi. Tutashuka kwenye ile nyumba ya blanketi nyekundu, mie na Yona na miche yako, mitatu tena, ule mmoja na hivi viwili nilivyobebesha, na tutakaa pale kibarazani hata kama ni siku kumi, mpaka iuonje ubaridi mdogo na iamke.

Wewe tulikupitisha moja kwa moja. Utusamehe, tulikuwa na haraka ya kukuzika. Safari hii tutalala Makambako.

Mwanao,
Eliza